Soda ya Marehemu

Sehemu ya kumi na moja

“Hivi jirani, marehemu naye anakunywa soda?”

Swali hilo Mama Mkaa alilitupa miezi saba iliyopita, kwenye ngazi za ukumbi huu huu, akimtazama Mama Dobi akitoka na chupa mbili mkononi. Alilitupa kwa kicheko na Mama Dobi akalidaka kwa kicheko, kila mmoja akashika njia ya kwake. Nani angejua kwamba mzaha wa ngazini utakaa miezi saba ukimngoja?

Basi leo umemfikia.

Tulimwacha Mama Dobi amesimama katikati ya ukumbi, mkono mmoja kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi. Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, usihangaike, habari yenyewe fupi. Idara ya maji inataka kupandisha bei ya maji mara mbili, na juu yake ibandike ada ya maji taka, nusu ya bili nzima. Leo ni kikao cha mwisho cha kuwasikiliza wananchi. Wananchi wamesema wee, mpaka makoo yamekauka. Ndipo msemaji wa idara akainuka taratibu, akafungua faili, akatangaza kwamba wananchi hao hao walishakubali siku nyingi, na saini zao anazo. Akaanza kusoma majina. La nne lilikuwa la mume wa Mama Dobi.

Na mume wa Mama Dobi yuko kaburini, mwaka wa tatu sasa.

“Huyo si marehemu huyo!” Mama Mkaa alipaza sauti kutoka nyuma. “Huyo tumemzika sisi! Nimekesha msibani kwake siku tatu, mimi na masizi yangu!”

Ukumbi ukalipuka. Wengine walisimama juu ya viti.

Msemaji hakutikisika. Watu wa mtaa walimwita Bwana Chupa, na jina lilimkaa kama shati la kupima kwa fundi. Kila aendako ana chupa ya maji ya dukani. Miaka sita ameyasifia maji ya idara redioni, na hakuna binadamu aliyewahi kumwona akiyatia mdomoni. Alifungua kizibo, akanywa funda moja, akafunga.

“Pengine ni majina kufanana,” alisema. “Mji mkubwa huu.”

“Yafanane majina yote matatu? Na namba ya nyumba?” Fundi Viatu aliuliza. “Au siku hizi na makaburini mnapeleka bili?”

Watu wakacheka. Mama Dobi hakucheka.

Mbele, nyuma ya meza ndefu, alikaa Msimamizi wa kikao. Mwanamke wa makamo, miwani yenye kamba shingoni, ametumwa kutoka juu kusikiliza pande zote na kuamua. Mbele yake palikuwa na mhuri. Mhuri ukigonga, bei mpya zinaanza tarehe mosi. Usipogonga, hazianzi. Alipiga meza kwa kalamu.

“Mjane wa mtu huyu yupo?”

Hakuna aliyenyoosha kidole. Vichwa tu viligeuka, safu kwa safu.

“Nipo, Mheshimiwa.”

“Kama mume wako ni marehemu, hii saini ni ya nani?”

Jibu Mama Dobi alikuwa nalo. Alikuwa nalo kwenye mkono wake wa kulia, mkono wenye vidole vilivyokunjamana kwa sabuni, ule ule ulioshika kalamu siku ile na kuandika jina la mumewe.

Ilikuwa hivi. Miezi saba nyuma, mtaa uliitwa semina. Semina ya matumizi bora ya maji, kwa watu ambao mabomba yao yanatoa maji siku mbili kwa wiki na siku zinazobaki yanatoa upepo. Walikaa saa nne kwenye joto wakifundishwa jinsi ya kuoga kwa ndoo moja. Kana kwamba walikuwa na ya pili! Mwisho wakaambiwa: saini moja, soda moja. Andika jina, namba ya nyumba, saini, chukua chupa yako, kwaheri.

Mtaa ule haujawahi kusaini kwa bidii namna ile. Fundi Viatu alisaini mara saba, kila mara akibadilisha kofia. Soda ya saba ikamponyoka, ikamwagika juu ya karatasi zote, na Mwenyekiti wa Mtaa akazipangusa kwa kiganja, akazikunja mara nne, akazitia mfuko wa nyuma wa suruali.

Mama Dobi alisaini jina lake akapewa chupa. Akanywa nusu, akamkumbuka binti yake. Binti ndiyo kwanza ameajiriwa kwa mkataba wa muda, mchapaji, na jioni hurudi nyumbani kwa miguu, midomo mikavu. Mama Dobi akarudi kwenye foleni. Jina la kuandika likawa halipo. Akaandika la marehemu.

Mwanamke ambaye hajawahi kukosa ibada. Mwanamke anayefua vitambaa vya nyumba ya Mungu bila kutoza senti. Kwa soda! Tena soda ya moto.

“Mama, tunakusubiri,” Msimamizi alisema.

Kabla hajafungua kinywa, mtu alikohoa safu ya mbele. Alikuwa Mwenyekiti wa Mtaa mwenyewe, mdogo wa marehemu, shemeji yake Mama Dobi.

“Mheshimiwa, naomba dakika kumi,” alisema, sauti imejaa asali. “Shemeji yangu ana presha.”

“Nani ana presha?” Mama Dobi aliruka. “Presha nimeipata lini?”

Lakini Msimamizi alikuwa ameshatazama saa. “Dakika kumi,” alisema, akauweka mhuri kando.

*

Nje, kwenye korido, kuna bomba la kunawia mikono. Limefungwa kwa waya tangu mwaka juzi. Mwenyekiti alimsukumia Mama Dobi hapo, mgongo wake ukagusana na karo kavu.

“Shemeji, unataka nini?”

“Nataka wasigonge mhuri.”

“Na ukisimama pale utasema nini? Utasema nani aliandika jina la kaka yangu?”

Mama Dobi aliutazama mkono wake wa kulia.

“Nilikuwa nimesimama pale mezani siku ile, shemeji. Nilikuona. Nikageuza uso, kwa heshima ya kaka. Sasa unataka nigeuze uso tena mbele ya mtaa mzima? Watu wa ibada watasemaje? Mama mlokole kaandikisha maiti!”

“Ulijua kwamba jina la kaka yako limo,” Mama Dobi alisema taratibu, “na bado ukaiacha orodha ipelekwe?”

“Mambo ya ofisi hayo, huyaelewi.”

“Nieleweshe.”

Mwenyekiti alishusha sauti. Alinukia manukato mapya, na viatu vyake vilikuwa vipya pia. Mama Dobi alivitazama. Mwaka jana mtu huyu alikuwa akivaa ndara zilizofungwa kwa pini.

“Idara ina nyumba yake ya wageni. Vyumba ishirini na viwili. Wanatafuta dobi. Nikisema neno moja tu, mashuka yote yanakuja kwako. Bei ikipanda mara mbili wewe hutaisikia kabisa. Kaa kimya, shemeji. Rudi, sema hukumbuki, sema marehemu alikuwa na watu wa jina lake, basi.”

Mama Dobi aliwaza mabeseni yake sita na mapipa mawili. Aliwaza kamba nne za kuanikia alizozifunga marehemu kwa mikono yake, na chemba ya maji taka iliyofumuka mbele ya geti tangu mvua zilizopita, ikitiririka chini ya mashuka meupe ya watu huku idara ikitaka ilipwe kwa kuyaondoa maji hayo hayo. Nyumba tatu za wageni zinampa kazi. Mwenye ile kubwa ameshamwambia: ukipandisha bei ya shuka hata kidogo, nanunua mashine. Mhuri ukigonga leo, Mama Dobi anafunga. Umri huu atajifunza kazi gani nyingine?

Na huyu hapa shemeji anampa vyumba ishirini na viwili.

“Kumbe na mimi nina bei,” alisema.

“Kila mtu ana bei, shemeji.”

“Ya kwako ilikuwa viatu?”

Mwenyekiti alikunja uso kama aliyelamba ndimu. Asali ikamwisha yote.

“Nani alimtafutia binti yako kazi pale idarani? Eeh? Ni mimi! Mkataba wake unaisha mwezi huu. Nakuonya kama ndugu, usiyafukue hayo makaratasi. Yaache yalale. Ukiyafukua utaumia wewe, si mimi.”

“Mtoto unamwingizaje humu?”

Mwenyekiti alimtazama kwa namna ambayo Mama Dobi hakuielewa. Kama mtu mwingine angekuwa na macho yale, ungesema ni huruma. Lakini huruma na Mwenyekiti wapi na wapi? Alijiondokea, viatu vikilia kwi, kwi, kwi.

Mama Dobi alifumba macho. “Ee Mungu wangu,” alisema kwa sauti ndogo, “nilipe aibu yangu, lakini usinilipishe na ya hawa.”

Alipofumbua, binti yake alikuwa amesimama mbele yake, kitambulisho cha idara kikining'inia shingoni, faili limekumbatiwa kifuani.

“Mama, twende nyumbani.”

“Nyumbani? Kikao hakijaisha.”

“Najua. Twende tu, mama. Nitaomba ruhusa.”

“Wewe unaona aibu juu ya baba yako?” Mama Dobi alimshika kidevu, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo. “Baba yako hakufanya kosa. Niliyefanya ni mimi, na nitalisema mwenyewe.”

“Si hivyo, mama. Nisikilize. Lile karatasi...”

“Karatasi halinitishi mimi.”

“Mama!”

Kengele ikalia. Watu wakaanza kurudi ndani wakisukumana, na binti akamezwa na msongamano. Mama Dobi alipomwona tena alikuwa mahali pake, kwenye kiti nyuma ya Bwana Chupa, ameinamia faili kana kwamba amepoteza kitu ndani yake.

*

“Mama,” Msimamizi alisema. “Saini hii ni ya nani?”

“Ni yangu.”

Feni ya dari ilisikika ikikwaruza.

“Mkono wangu ndio ulioandika jina la marehemu mume wangu. Walikuwa wakigawa soda. Saini moja, soda moja. Ya kwanza nilisaini yangu. Ya pili nikamsainia yeye. Mungu anisamehe, na yeye anisamehe huko aliko, maana alipokuwa hai hakupenda hata kuchukua chenji iliyozidi.”

“Yesu na Maria!” mwanamke mmoja alinong'ona. Mwingine akacheka puani, na kicheko chake kikapita viti kama moto wa nyasi.

“Ndiyo, chekeni,” Mama Dobi alisema. “Mimi nimejicheka kabla yenu. Lakini Mheshimiwa, nilisainia soda. Kuhusu bei ya maji hatukuulizwa neno lolote. Neno bei halikutajwa. Mtu aliyekuwepo aseme kama naongopa.”

Mama Mkaa aliyekuwa mkali kuliko wote alikuwa akitazama kucha zake. Wengine walijitia kutafuta vitu kwenye vikapu. Mama Dobi alipitisha macho safu kwa safu, na moyo wake ukaanza kuwadharau. Hawa ndio waliokuja na mabango? Hawa ndio waliopiga kelele asubuhi nzima?

“Hakuna?” aliuliza. “Watu mia mbili, na aliyekunywa soda ni mjane peke yake?”

Fundi Viatu aliinuka. Aliinuka kwa awamu, kama mtu anayevuliwa na ndoano.

“Mimi saba,” alisema.

“Saba nini?” Msimamizi aliuliza.

“Soda saba, Mheshimiwa. Jina langu, jina la baba, jina la babu, shemeji zangu wawili walioko nje ya mji, mwenye nyumba wangu...”

“Hao ni sita.”

Fundi Viatu alijikuna kisogo. “Na mbwa wangu.”

Safari hii hata Msimamizi alivua miwani. Msemaji wa idara akapekua orodha haraka haraka, na wote wakaona kidole chake kikisimama mahali, halafu kikaondoka pale kwa kasi kama kimeungua.

“Amekubali bei mpya?” Mama Mkaa alipasua kicheko. “Mbwa amekubali? Jamani, mbona ananywa maji ya mtaroni huyo, hata bili hapati!”

Hapo ulimi wa mtaa ukafunguka. Mimi mbili! Mimi niliandika watoto wangu wote, na mdogo alikuwa hajazaliwa! Mimi nilimwandika mke aliyeniacha! Watu walikuwa wakiungama kwa kelele kama wanaonadi mitumba. Ilikuwa aibu tupu, na ilikuwa tamu. Mtaa mzima ulikuwa umejiuza kwa maji matamu ya moto, na sasa ulikuwa ukigombea nani alijiuza rahisi zaidi.

Mama Dobi alikaza shingo. Aliwadharau, akajidharau mwenyewe, lakini aliyemdharau kuliko wote alikuwa mbele pale, akifungua kizibo.

Bwana Chupa alinywa, akapangusa midomo kwa leso.

“Mheshimiwa, tumesikia,” alisema. “Wakazi hawa ni waongo, wamekiri wenyewe. Vizuri. Tuondoe majina ya uongo. Tuondoe marehemu, tuondoe mbwa. Bado yatabaki majina ya watu halisi zaidi ya mia. Na watu hao walisaini chini ya maneno haya.” Aliinua karatasi ya juu, akasoma kwa sauti ya redioni: “Sisi wakazi tuliosaini hapa tumeelezwa na tumekubali bei mpya za maji na maji taka. Hayo ndiyo maneno. Kama mtu hasomi anachosaini, kosa ni la idara?”

Na kweli, nani alikumbuka karatasi ya juu ilisema nini siku ile? Macho yao yalikuwa kwenye kreti.

Msimamizi alipumua. Mkono wake ukasogea kuelekea mhuri.

“Nipe niishike hiyo,” Mama Dobi alisema.

“Unasemaje, mama?”

“Hizo karatasi. Nizishike tu. Sitazichana.”

“Atasoma nini huyo?” Bwana Chupa aliguna. “Kaishia shule ya msingi.”

“Nimeishia hapo, ndiyo,” Mama Dobi alisema, akisogea mezani. “Wewe umesoma mpaka umepasuka, na maji hujui yanakotoka wala yanakokwenda. Nipishe.”

Msimamizi alimpa. Mama Dobi hakusoma. Alizipitisha karatasi vidoleni kama apitishavyo shuka la mteja kabla ya kulitia majini, akilitafuta doa, akilitafuta tundu, akiutafuta mkunjo. Miaka ishirini na sita amefanya hivyo. Mteja akija akidai shuka si lake, Mama Dobi haongei, analifungua, anamwonyesha.

“Mheshimiwa, tazama ya pili. Unaona hii mistari miwili, mmoja wima na mmoja wa kulala? Huu ni mkunjo wa mara nne. Mwenyekiti alizikunja hivi akazitia mfukoni, tulimwona. Na ya tatu hivyo hivyo. Na ya nne. Mpaka ya saba.”

“Naona.”

“Mkunjo mkavu hautoki hata kwa pasi, sembuse kwa kukaa ndani ya faili. Sasa tazama ya juu. Yenye maneno.”

Msimamizi aliigeuza kuelekea dirishani. Ilikuwa nyororo kama uso wa sahani.

“Na hili doa. Fundi, soda yako ya saba ilikuwa rangi gani?”

“Nyekundu!” Fundi Viatu alijibu kama askari.

“Nyekundu. Ilimwagika juu, ikapenya kwenda chini. Doa hufifia kadiri linavyoshuka. Hapa kwenye ya pili ni kubwa, ya tatu dogo, ya nne dogo zaidi. Na kwenye ya juu?” Aliinua juu watu waone. “Safi! Soda iliruka karatasi ya kwanza ikaanzia ya pili? Ina miguu?”

Sasa ukumbi haukucheka. Ulinguruma.

“Karatasi hii haikuwepo siku ile,” Mama Dobi alisema. “Ile tuliyosainia imenyofolewa, hii ikabandikwa mahali pake. Bwana Chupa, mimi ni mwizi wa soda, nimekiri. Na wewe ni nani?”

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Bwana Chupa alinyoosha mkono kwenye chupa akaikosa. Ilianguka, ikabingirika chini ya meza, na hakuna mtu aliyeinama kumwokotea.

Mwenyekiti wa Mtaa alikuwa ameweka viganja usoni. Viatu vipya vilikuwa vimefichwa chini ya kiti.

“Mimi... mimi huletewa tu nyaraka,” Bwana Chupa alisema. “Nasoma nilicholetewa. Sichapi mimi. Kuna wachapaji.”

“Hilo tutalijua sasa hivi,” Msimamizi alisema, akivaa miwani. “Ofisi zote za umma zina utaratibu. Anayechapa huweka herufi za majina yake chini kabisa, upande wa kushoto.” Aliinamia ukurasa. “Na hapa zipo.”

Nyuma ya Bwana Chupa, faili lilianguka sakafuni. Makaratasi yakatawanyika. Mama Dobi alisikia, hakugeuka. Moto ulikuwa umempanda kichwani, moto mtamu wa mtu aliyenyenyekea maisha yake yote na leo, mara moja tu, anashinda. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa umesimama.

“Asimame!” alisema. “Kama yumo humu ndani asimame, tumwone uso. Mimi niliiba soda moja, na nimeitapika mbele za watu. Yeye amekaa kwenye kiti, kwenye feni, akaupiga uongo huu herufi moja moja kwa vidole vyake, huku akijua ni maji ya watu wasio na kitu!”

“Asimame!” watu walirudia.

“Mtu wa hivyo hakulelewa!”

“Hakulelewa!”

“Hana mama, huyo!”

Makofi yalipigwa mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Mama Mkaa alipiga vigelegele. Ndipo Mama Dobi alipomwona shemeji yake. Alikuwa ameondoa viganja usoni, anamtazama kwa macho yale yale ya kule koridoni, na safari hii hapakuwa na njia ya kuyaita jina jingine. Ilikuwa huruma.

“Mama,” Msimamizi aliita. Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Njoo uangalie. Unazijua herufi hizi?”

Zilikuwa tatu. Ndogo, nadhifu, chini kushoto.

Kila dobi ana namna yake ya kutia alama ili nguo ya mtu isipotee. Mama Dobi hutumia uzi. Lakini kabla hajashona alama ya mteja yeyote, kabla ya shuka la kwanza la nyumba ya wageni ya kwanza, kulikuwa na sare moja ndogo ya shule, kola nyeupe, na ndani ya kola, kwa uzi mwekundu, herufi tatu za kwanza alizowahi kuzishona maishani mwake. Alizishona akiomba Mungu mwenye nguo ile asipotee.

Makofi yalikatika moja moja.

“Mama?” Msimamizi alirudia. “Unazijua?”

Mama Dobi alisikia kiti kikisogezwa. Hakutaka kugeuka, na aligeuka.

Binti yake alikuwa amesimama, kama alivyoamriwa. Hakulia. Alikivua kitambulisho shingoni, akaizungusha kamba yake vizuri, akakiweka mezani kando ya mhuri, juu ya karatasi isiyo na mkunjo. Bwana Chupa alimkonyeza asiongee, hakumtazama. Baba yake mdogo, yule Mwenyekiti, aliita “Mwanangu, kaa chini”, hakumtazama. Watu waliokuwa wakipiga kelele sekunde chache nyuma walivuta magoti yao ili apite.

Alipofika kwa mama yake alisimama. Walikuwa karibu kiasi kwamba Mama Dobi aliiona kola ya blauzi aliyoipiga pasi kwa mkono wake alfajiri ile. Midomo ya binti ilifunguka kidogo, ikiwa mikavu, kama jioni ile aliyoletewa soda.

Kisha akaifunga, akampita mama yake, akaenda mlangoni, akatoka.